Kulifuata jua la Japani katikati ya msimu wa mvua

JUMATANO, Tokyo

Nimeingia jana usiku, nimelala hoteli ya kawaida tu pale Asakusa, chumba kidogo mpaka begi likifunguliwa mlango haufunguki, na leo saa kumi na moja alfajiri jua limenipiga usoni. Sio mwanga wa alfajiri, jua lenyewe zima limeshapanda juu ya maghorofa. Nikadhani simu haijabadilisha saa. Kumbe Juni huku ndio hivyo, jua la Tokyo linatoka saa kumi na dakika ishirini na kitu, watu bado wamelala na mapazia mazito wamefunga. Hawana ile habari ya kusogeza saa mbele kama Wazungu, walijaribu baada ya vita, 1948 mpaka 1951, Wamarekani walipokuwa wanawasimamia, wakaona usumbufu wakaacha.

Niseme nimekuja kufanya nini. Dada yangu na mumewe wanaishi Nagoya, shemeji anafanya kazi ya kusafirisha magari yaliyotumika, zile IST na Noah mnazoziona Dar na Mombasa. Nimekuja kuwasalimia, ila nikajipangia kabla ya kurudi nilifuate jua la hawa watu, maana kwetu ukitaja Japani mtu anakumbuka lile duara jekundu la bendera basi, hakuna zaidi. Shida moja, Juni ndio msimu wao wa mvua. Dada aliniambia kabisa kwenye simu, kaka unakuja kutafuta jua mwezi ambao sisi wenyewe hatulioni? Nikamjibu tiketi ilikuwa ya bei nzuri.

Mchana nikaenda Ueno, Makumbusho ya Taifa ya Asili na Sayansi, kuna saa moja pale nilitaka kuiona kwa macho. Ilitengenezwa 1851 na fundi anaitwa Tanaka Hisashige, ndio huyo huyo ambaye karakana yake baadaye ilikuja kuwa Toshiba. Ina nyuso sita kuzunguka, na juu kabisa kuna kuba la kioo, ndani yake ramani ya Japani na kijua kidogo na kimwezi vinatembea juu ya hiyo ramani. Ukiijaza mara moja ilitakiwa iende mwaka mzima.

Kwa nini nyuso zote hizo? Kwa sababu zamani, mpaka mwisho wa 1872, saa zao zilikuwa za jua. Kutoka kucha mpaka kuchwa vipande sita, usiku vipande sita, sasa mchana wa Juni ni mrefu na wa Desemba ni mfupi kwa hiyo saa yenyewe inanyooka na kusinyaa kufuata msimu. Kucha waliita sita, na kuchwa pia sita. Hapo Mswahili lazima atabasamu, na sisi si ndio hivyo hivyo, kumi na mbili inafungua mchana na kumi na mbili inaufunga. Tofauti yetu tuko karibu na ikweta, jua letu halihamihami sana, wao ilibidi fundi ahamishe vijiwe vya saa asubuhi na jioni kila siku. Tanaka akatengeneza uso ambao namba zake zinajisogeza zenyewe. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaanza kuniangalia. Januari 1, 1873 serikali ikahamia kalenda na saa za Ulaya, na saa ya Tanaka ikawa kitu cha makumbusho.

Jioni mvua.

ALHAMISI, treni mpaka Nagoya

Shinkansen, treni yao ya kasi. Kuhusu shinkansen mmeshasoma mara mia, ni haraka na inaondoka kwa dakika yake, tuendelee.

Nilibeba bento, chakula cha boksi cha kubeba, ambayo nilikuwa naitafuta makusudi, ya wali mweupe mtupu na katikati tunda moja la ume (jamii ya plamu) lililosindikwa na chumvi, jekundu. Ukifungua kifuniko ni bendera kabisa, na jina lake ndio hilo hilo la bendera, Hinomaru. Wakati wa vita watoto walikuwa wanabeba hiki shuleni kwa uzalendo na pia kwa sababu mboga zilikuwa hazipatikani. Siku hizi huipati kirahisi hivyo, ya kwangu ilikuwa na kipande cha samaki pembeni kwa hiyo bendera yangu ilikuwa na mgeni. Lile tunda sasa, ni achari ya ndimu iliyosahauliwa kwenye jua miaka miwili. Nililila lote maana nimelipia.

Kwenye treni nikasoma tena ile barua ya mwaka 607 ambayo kila mtu huku anaijua kidogo kutoka shule. Mwanamfalme Shotoku ndiye anayesemwa kuwa nyuma yake, mjumbe wao Ono no Imoko akaipeleka China kwa mfalme wa utawala wa Sui. Ilianza kwa kusema mwana wa mbingu wa nchi jua linakochomoza anamwandikia mwana wa mbingu wa nchi jua linakozama. Mfalme wa China hakufurahi hata kidogo, na wengi wanadhani ni ile habari ya jua kuzama, lakini kilichouma zaidi ni kwamba mwana wa mbingu duniani alitakiwa awe mmoja tu, yeye. Angalieni kitu hapo lakini: Japani iko upande wa jua kuchomoza ukiwa umesimama China. Ukiwa umesimama Japani kwenyewe jua linachomoza baharini huko mbele, kama kwetu Tanga tu.

Nagoya shemeji kaja stesheni na mwavuli mmoja wa watu wawili. "Karibu shem, jua lako umeliacha wapi?"

Nyumbani mpwa wangu wa miaka sita alikuwa anachora. Nyumba, mti, mbwa, na juu pembeni jua jekundu, jekundu kama damu, na amelipaka mpaka karatasi imelowa. Nikachukua penseli nikachora langu, la njano na miale kama tulivyofundishwa. Akaliangalia akaniuliza, "Mjomba, huo ni mwezi?" Watoto wengi wa huku wanachora hivyo, dada anasema mtoto alipoanza shule ya chekechea alikuwa anachora la njano, mwezi mmoja tu akabadilika. Baadaye akachukua karatasi laini ya chooni, akaviringisha moja ikawa kichwa, nyingine akaifunika juu, akafunga shingo na mpira, akachora macho. Ndio teru teru bozu, wanaitundika dirishani ili kesho jua litoke. Alivyoitundika ikageuka kichwa chini, akapiga kelele, maana ikining'inia kichwa chini inaita mvua. Tukaifunga upya, ya mjomba, ya safari.

IJUMAA, Ise

Karatasi ya chooni haijafanya kazi, manyunyu toka asubuhi. Shemeji kachukua likizo anisindikize, treni kutoka Nagoya ni mwendo wa kama saa moja na nusu hivi.

Ise ndiko anakokaa Amaterasu, mungu wa kike ambaye ndiye jua. Utaratibu unaanzia hekalu la nje, Geku, ambalo ni la Toyouke, huyu kazi yake ni chakula cha Amaterasu. Sio kwa mfano, ni kweli makuhani wanaandaa mlo mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, wanawasha moto kwa kusugua mti. Jua lina mpishi! Ndio kwanza nilianza kuona kwamba huyu sio yule wa kwenye bendera.

Halafu Naiku, hekalu la ndani. Unavuka daraja la Uji, unashuka kwenye mto Isuzu unanawa, halafu njia ya kokoto kati ya miti mikubwa ambayo hata watu watatu wakishikana mikono hawaizunguki. Kuna majogoo wanatembea ovyo humo, hakuna anayewagusa, na sababu yao nitaieleza. Mwisho kuna ngazi za mawe, chini ya ngazi ndio mwisho wa kupiga picha. Unapanda, mbele yako pazia jeupe. Basi. Nyuma ya pazia kuna nyua juu ya nyua, na ndani kabisa kuna kioo cha kujitazamia, Yata no Kagami, ambacho ndicho alama ya jua lenyewe, na hakionyeshwi kwa mtu. Upepo ulilisukuma pazia kidogo nikaona kokoto nyeupe na kona ya paa la nyasi, mama mmoja pembeni yangu akainamisha kichwa haraka kama vile amekosea kuangalia.

Jengo lenyewe, pamoja na sifa zake zote, hata halina miaka 20. Kila miaka 20 wanajenga jipya lile lile kwenye kiwanja cha pembeni, Amaterasu anahamishwa usiku, la zamani linavunjwa. Walianza mwaka 690, wakati wa malkia Jito. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliwakatisha zaidi ya miaka 120, wakarudia. La mwisho ni la 62, mwaka 2013, lijalo 2033. Nimekiona kile kiwanja kitupu, kokoto tu na kibanda kidogo kinachofunika mahali pa nguzo ya katikati, na kusema kweli kilinigusa kuliko lile pazia.

Sasa hadithi, maana bila hii majogoo hayaeleweki. Imo kwenye Kojiki, kitabu chao cha kale cha mwaka 712. Amaterasu alizaliwa baba yake Izanagi aliponawa jicho la kushoto. Mdogo wake Susanoo alitoka puani na tabia zake ni za puani kweli, akaharibu matuta ya mashamba ya mpunga ya dada yake, akajisaidia kwenye ukumbi wa sherehe, mwisho akatoboa paa la nyumba ya kufumia nguo akatupa farasi aliyechunwa ngozi, mfumaji mmoja akafa. Amaterasu akaingia pangoni akaziba na jiwe. Giza kote. Miungu wote wakakutana kwenye kingo za mto kufanya kikao, wakakusanya majogoo wawike, wakatengeneza kioo, wakakitundika mtini. Halafu Ame no Uzume akapindua beseni akapanda juu akaanza kucheza, akacheza mpaka nguo zikamlegea zikaanguka, miungu wakaangua kicheko mbingu ikatikisika. Amaterasu ndani akajiuliza, mimi sipo, wanacheka nini hawa? Akachungulia. Uzume akamwambia tumepata mungu bora kuliko wewe, wakamsogezea kioo, akaona mwanga wake mwenyewe asijue ni wake, akasogea hatua moja, yule mwenye nguvu Tajikarao akamdaka mkono akamtoa, na mwingine akatandika kamba nyuma yake asirudi.

Yaani jua halikushindwa vitani, lilisusa, likabembelezwa kwa ngoma ya uchi na umbea. Nitamchukua huyu siku yoyote kuliko jua la wanajeshi.

Tukala mochi (vitafunwa laini vya mchele) za Akafuku nje ya hekalu, wanauza toka 1707, shemeji alikula zake na zangu.

JUMAMOSI, Futami

Leo ndio siku ndefu kuliko zote mwaka huu na tumeamka saa nane usiku kwa ajili yake. Futami ni ufukwe karibu na Ise, kuna mawe mawili baharini, mume na mke, mume mita 9 hivi, mke mita 4 hivi, wamefungwa kamba nene za mabua ya mpunga. Kamba zenyewe zinabadilishwa mara tatu kwa mwaka, chumvi inazila. Kuanzia Mei mpaka Julai jua linachomozea katikati ya mawe, na siku kama ya leo hewa ikiwa safi linatokea nyuma ya mlima Fuji ambao uko mbali kama kilomita 200.

Tulikuta watu mamia. Wale wa ibada wamevaa nguo nyeupe, wazee kwa vijana, wakaingia baharini kwenye giza mpaka maji yakawafika kifuani wakawa wanaomba kwa sauti, wale mabibi wa miaka sabini na kitu wametulia tuli wakati mimi nchi kavu nimevaa koti natetemeka. Saa kumi na dakika arobaini ikafika. Mawingu. Hakuna Fuji, hakuna jua, kuna rangi ya maziwa tu kati ya mawe mawili. Na hakuna aliyelalamika! Wakapiga makofi yao mawili ya ibada kuelekea pale ambapo lingekuwepo, wakainama, wakatoka majini wanacheka. Dakika kumi na tano baadaye wengi wameshaondoka ndio likatokeza doa jekundu juu kidogo ya wingu, dogo, unaweza kuliangalia kwa macho bila kuumia, duara safi kabisa halina mwale hata mmoja. Nikamwonyesha shemeji, tazama, mpwa wangu ana haki. Kwenye unyevu huu wa baharini jua linakuwa jekundu kweli.

Picha zangu zote zimetoka kijivu.

JUMAPILI, Osaka

Treni mpaka Osaka, halafu monoreli mpaka bustani ya Expo kule Suita, kuona Mnara wa Jua wa Taro Okamoto. Mita 70, mweupe, mabawa mawili yamefunguka, ukishuka kwenye monoreli unauona ng'ambo ya barabara kuu umesimama kama mtu anayekusubiri kwa hasira.

Ulijengwa kwa maonyesho ya dunia ya 1970. Kaulimbiu ilikuwa maendeleo na maelewano ya binadamu, na Okamoto hakuamini hayo maendeleo, akaupandisha mnara wake ukatoboa paa kubwa la chuma alilobuni Kenzo Tange. Una nyuso tatu. Juu kinyago cha dhahabu, wakati ujao. Tumboni uso mweupe umekunja mdomo, wakati uliopo. Mgongoni jua jeusi, wakati uliopita. Hilo jeusi ndilo lililonikaa. Watu wote wanapiga selfi mbele, ukizunguka nyuma unabaki peke yako na duara jeusi lenye miale ya kijani linalokukodolea macho, miaka 25 tu baada ya Hiroshima mtu anachora jua jeusi kwenye sherehe ya taifa na wanamlipa. Sijasikia Okamoto akisema ni kuhusu vita, hiyo ni yangu.

Ndani ukiweka nafasi mapema unaingia, kuna mti wa chuma wa kama mita 41 wenye viumbe kuanzia vijidudu vya baharini chini mpaka binadamu juu, walifungua tena 2018 baada ya kukaa umefungwa miaka mingi. Kuna uso wa nne pia, jua la chini ya ardhi, ulipotea baada ya maonyesho na haujapatikana mpaka leo, uliopo sasa ni wa kutengeneza upya. Mnapotezaje uso wa mita kadhaa? Na 1970 hiyo hiyo jamaa mmoja wa maandamano amevaa helmeti nyekundu alipanda akaingia kwenye jicho la kinyago cha dhahabu akakaa humo karibu wiki nzima, ikabidi taa za macho zizimwe.

JUMATATU, Kumamoto

Ndege fupi kwenda Kyushu, mvua kubwa, tumekwama hotelini, kwa hiyo leo ni maongezi ya bendera juu ya bakuli la ramen, tambi zao za supu.

Shemeji kaishi huku zaidi ya miaka kumi na anasema kitu kimoja kilichomshangaza ni kwamba bendera huioni ovyo, sio kama kwetu kila duka. Sikukuu unaiona kwenye mabasi ya mji na ofisi, nyumba za watu ni chache. Sababu ipo. Duara lenyewe ni la zamani, mashabiki wa historia watakuonyesha mapepeo ya vita ya samurai (yale ya kujipepea), lakini kuwa alama ya nchi ni kitu cha juzi, meli za Wamarekani zilipokuja 1853 wakaona meli zao zinahitaji kutambulika, Shimazu Nariakira mtawala wa Satsuma akapendekeza duara hilo, 1854 likakubaliwa, 1870 ikawa amri kwa meli za biashara. Sheria kabisa ya kusema hii ndiyo bendera ya taifa ni ya Agosti 13, 1999! Na ilikuja baada ya ugomvi mkubwa mashuleni, walimu wengi walikuwa hawataki kusimama mbele yake, mwaka huo huo mkuu wa shule moja mkoa wa Hiroshima alijiua akiwa katikati ya mvutano huo.

Ile bendera ya jua lenye miale 16 ni kesi nyingine. Jeshi la nchi kavu lilianza nayo 1870, la majini 1889, na ndiyo ilipepea Korea, China, Ufilipino kote. Ukienda bandarini wavuvi wana mabango yenye miale kama hiyo ya kushangilia samaki wengi, haina ubaya wowote, ila kikosi cha majini cha leo kinatumia ile ile ya vita toka 1954. Oktoba 2018 Korea Kusini iliomba meli zisije nayo kwenye gwaride la meli kule Jeju, Japani ikaona bora isiende kabisa. Mimi ninawaelewa Wakorea. Shemeji anasema kwa wafanyakazi wenzake ni suala la heshima ya meli tu, hapo hatukukubaliana na ramen ikapoa.

Tulichokubaliana ni hiki. Kabla ya mfalme Meiji kwenda 1869, kwa miaka zaidi ya elfu moja hakuna mfalme aliye madarakani aliyekwenda kuhiji Ise, japo wao ndio wanahesabiwa wajukuu wa Amaterasu. Wakulima walikuwa wanakwenda kwa maelfu, kwa miguu, na wafalme hawaendi. Halafu serikali ya Meiji ikamtoa bibi huyo kwa wakulima ikamvalisha sare, ikafundisha shuleni kwamba mfalme ni uzao wa mungu, miaka sabini na kitu ikaishia ambapo iliishia, na Januari 1, 1946 mfalme Hirohito ikabidi atangaze kwamba dhana ya mfalme kuwa mungu ni ya uongo.

JUMANNE, Takachiho

Gari la kukodi, milima, ukungu, kona. Takachiho, mkoa wa Miyazaki, wenyewe wanasema pango la Amaterasu liko hapa. Hekalu la Amano Iwato, kuhani anakupeleka nyuma, anakuonyesha ng'ambo ya korongo la mto, ndipo hapo. Miti tu unaona. Picha marufuku. Shemeji akaninong'oneza, "Shem, wiki nzima hatujaonyeshwa kitu." Kweli, kioo hatukukiona, jua la Futami tuliliona kwa bahati, na pango limefunikwa na majani.

Ukitembea kando ya mto dakika kumi unafika pango kubwa ambapo ile miungu ilifanya kikao, Amanoyasukawara, na wageni wamepanga vijiwe kimoja juu ya kingine, maelfu kwa maelfu mpaka kukanyaga ni shida.

Usiku saa mbili hekalu la Takachiho, ngoma za kagura. Za kamili ni 33 na zinachezwa usiku kucha miezi ya baridi kwenye nyumba za vijijini, za watalii ni nne kwa saa moja. Tumekaa chini kwenye mikeka, viatu nje. Tajikarao kwanza anatega sikio kutafuta pango, kinyago cheupe, anaweka mkono sikioni anageuka huku na huku taratibu sana. Kisha Uzume anacheza, nguo zote anazo msiwe na wasiwasi. Kisha Tajikarao tena, kinyago chekundu sasa, anatingisha nywele, anashika jiwe la mbao analirusha. Mchezaji ni mzee wa kijijini, nilimwona kabla anaegesha kigari chake cha mizigo nje. Ya mwisho ni Izanagi na Izanami wanapika pombe, wanalewa, wanakumbatiana vibaya mbele za watu, halafu mume anashuka kwenye watazamaji kutafuta wanawake wengine, akamkumbatia bibi mmoja wa Kijapani, ukumbi ukalipuka, akaja akamshika shemeji akamnusa akamwachia, tulicheka mpaka machozi.

Kesho alfajiri tunarudisha gari Kumamoto na kuwahi ndege ya Nagoya, shemeji ana IST tatu lazima zipande melini Ijumaa na karatasi za moja bado hazijakamilika.